Miongo Thelathini na Sita

Kila mwezi wa Julai, huko Makunduchi, kusini mwa Unguja, wanaume huchapana kwa magomba, wanawake huimba, kisha kibanda cha makuti hutiwa moto na watu wakatazama moshi unaelekea wapi, wapate kujua mwaka unakuja na nini. Wageni hupiga picha wakaondoka, na hesabu inayoanza siku hiyo huwapita. Siku ya Mwaka, au Nairuzi, ndiyo mwanzo wa mwaka wa jua wenye siku 365. Kuanzia hapo siku huhesabiwa kumi kumi, mwongo baada ya mwongo, mpaka itimie miongo 36. Siku tano zinazobaki huwekwa mwisho kabisa.

Kwa hesabu hiyo watu wa kusini na mashariki ya Unguja walijua lini kufyeka, lini kuchoma na lini kutia mbegu, na manahodha wakajua lini bahari hufunga. Mwezi mwandamo ulikuwa na kazi zake za ibada, lakini Ramadhani huzunguka misimu yote, na masika ina mahali pake. Mkulima alihitaji hesabu inayofuata jua. Bwejuu, kijiji kilichopo pwani ya mashariki baina ya Paje na Michamvi, ni katika vijiji vilivyoishi ndani ya hesabu hiyo.

Hesabu yenyewe ilikuwa na kasoro. Haina mwaka mrefu, kwa hiyo kila baada ya miaka minne Nairuzi hurudi nyuma siku moja, na kwa karne nzima husogea karibu siku 25. Mwongo aliopandia babu si mwongo wa kupandia mjukuu. Ikabidi hesabu isiachwe peke yake, iwe na mashahidi: upepo wa kaskazi ukilegea na kusi kuanza kuvuma, na Kilimia, lile kundi la nyota ambalo wazee walisema likizama kwa jua huzuka kwa mvua, na likizama kwa mvua huzuka kwa jua. Namba ilisimama na anga, na anga likasimama na macho ya mtu aliyekuwa shambani. Mpangilio huo naurudia hapa chini, kwa sababu kila aliyejaribu baadaye kuijua hali ya mazao kutoka mbali alilazimika kuujenga upya.

Aprili 15, 1872 anga lilikuja na jambo ambalo hakuna hesabu iliyolitaja. Tufani iliipiga Unguja, mahali palipodhaniwa kuwa nje ya njia ya tufani. Iling'oa sehemu kubwa ya mikarafuu ya kisiwa, ikavunja majahazi na meli bandarini, zikiwemo za Sultan Barghash. Pemba ilinusurika kwa kiasi kikubwa, na tangu hapo Pemba ndiyo ikawa kisiwa cha karafuu. Siku moja ya upepo iligeuza uchumi wa visiwa viwili, na hakuna aliyekuwa na njia ya kuuona unakuja.

Waingereza walipoiweka Zanzibar chini ya ulinzi wao mwaka 1890, kipimamvua na daftari vikaingia katika kazi ya serikali. Mwaka 1929 ikaundwa idara moja ya hali ya hewa kwa ajili ya makoloni ya Afrika Mashariki, makao yake Nairobi, chini ya Albert Walter. Kazi ya kipimamvua ni nyepesi kuieleza na ngumu kuidumisha: mtu huenda saa tatu asubuhi, kila siku, Idi na msiba visimzuie, akapima maji yaliyomo kwa milimita na kuyaandika. Mjini na maeneo ya mikarafuu palipata kumbukumbu nzuri, maana karafuu ilikuwa fedha ya serikali. Pwani ya mashariki, nchi ya mawe na mtama, ilikaa pembeni ya daftari hilo.

Gharama ya kutojua hali ya mashamba ya wengine ilionekana mwaka 1942, Japani ilipoiteka Burma. Mchele uliokuwa ukilisha Zanzibar ulitoka huko, na ukakatika. Serikali ikaweka mgao uliopangwa kwa rangi za watu, Waafrika wakielekezwa kwenye unga na mchele ukipewa wengine, huku ikihimiza kila mtu alime chakula. Kidonda cha mgao ule kilikuwa cha kisiasa, na kilichangia uchungu uliozaa mengi baadaye.

Kisha anga lenyewe likabadilika. Aprili 1, 1960 Marekani ilirusha TIROS-1, satelaiti ya kwanza ya hali ya hewa kufanikiwa, na ulimwengu ukaona mawingu kutoka juu. Mwaka huo huo ujenzi wa kituo cha NASA ukaanza hapa hapa Unguja, kupokea ishara Tunguu na kurusha Chwaka, safari fupi tu kutoka Bwejuu. Kilikuwa kimoja cha vituo vya Mercury, mradi wa Marekani wa kupeleka watu angani, na Februari 20, 1962, mwanaanga John Glenn alipokuwa akiizunguka dunia, alizungumza nacho. Wananchi wengi walikipinga. Chama cha ZNP kiliandamana, kikiona ni kambi ya kijeshi iliyofichwa, na katika zama zile za makombora hofu hiyo ilikuwa na sababu. Baada ya Mapinduzi ya Januari 1964, Wamarekani wakaondoka na kituo kikafungwa. Zanzibar ilikuwa miongoni mwa mahali pa kwanza Afrika pa kuzungumza na chombo cha angani, na mkulima wa Unguja hakupata hata tone la taarifa kutokana na hilo.

Kilichounganisha anga na shamba kilikuwa ngano. Mwaka 1972 mavuno ya Umoja wa Kisovieti yaliharibika, wanunuzi wake wakaingia sokoni Marekani kimya kimya na kuchukua mamilioni ya tani kabla wauzaji hawajaelewa nini kinatokea. Bei ikapaa duniani. Julai mwaka huo huo ilikuwa imerushwa satelaiti iliyokuja kuitwa Landsat 1, na mwaka 1974 Marekani ikaanzisha mradi mkubwa wa kukadiria ngano kwa picha zake. Makadirio ya mavuno ya Wasovieti ya mwaka 1977 yalipishana kidogo sana na takwimu walizozitangaza wenyewe baadaye. Dola kubwa ilikuwa imejifunza kuhesabu shamba la jirani bila kuomba ruhusa.

Miaka hiyo Tanzania ilikuwa na shida yake. Tamko la Siasa ni Kilimo lilitolewa Iringa mwaka 1972, ukame wa 1973 na 1974 ukafuata wakati watu wanahamishiwa vijijini, na nchi ikamaliza fedha zake za kigeni kununua nafaka. Ndipo ikaja kampeni ya Kilimo cha Kufa na Kupona. Unguja nayo iliijua mapema miaka hiyo foleni ya mgao. Mkutano wa dunia wa chakula uliofanyika Rome mwaka 1974 ulizaa, chini ya FAO, shirika la chakula na kilimo la Umoja wa Mataifa, mfumo wa dunia wa kutoa taarifa na tahadhari za chakula, nao ukaanza kazi mwaka 1975. Ulitegemea barua na simu za upepo kutoka serikalini, na serikali yenye njaa mara nyingi haipendi kuandika barua hiyo.

Njia ya kuliona jani kutoka angani ilipatikana kwenye chombo kisichokusudiwa kwa mazao. Satelaiti za NOAA, idara ya Marekani ya bahari na anga, tangu mwisho wa miaka ya 1970, zilibeba kifaa cha kutazama mawingu na kupima joto la bahari. Compton Tucker wa NASA na wenzake waliona kwamba mikanda yake miwili ya mwanga inatosha. Jani lenye afya hunyonya mwanga mwekundu kwa ajili ya kujitengenezea chakula, na hurudisha kwa wingi mwanga wa jirani yake usioonekana kwa macho, wa infraredi. Jani linalonyauka hufanya hivyo kidogo. Toa mwekundu katika infraredi, gawanya kwa jumla yao, unapata namba moja inayopanda masika ikija na kushuka kiangazi kikiuma. Satelaiti hizo zilipita kila siku, tofauti na Landsat iliyorudi baada ya siku 18, na hiyo ndiyo iliyokuwa faida yao.

Tatizo lilikuwa wingu. Wingu hushusha namba ile, kwa hiyo shamba zuri lililofunikwa huonekana kama jangwa. Wataalamu wakakusanya picha za siku kadhaa na kwa kila doa la picha wakachukua thamani kubwa kuliko zote, wakiamini kwamba angalau siku moja mbingu ilifunguka. Siku tano hazikutosha nchi za mvua, mwezi mzima ulikuwa mrefu mno kwa mahindi yanayohitaji maji leo. FAO, na wataalamu wa hali ya hewa ya kilimo waliokuwa wakihesabu mvua hivyo tangu zamani, wakashikilia siku kumi. Kila mwezi hugawanywa mara tatu: tarehe 1 hadi 10, 11 hadi 20, na zilizobaki. Mwaka una vipande 36.

Idadi ni ile ile ya Makunduchi. Siku zinazozidi, ambazo wazee waliziweka mwisho wa mwaka, FAO ilizificha ndani ya kila kipande cha tatu cha mwezi, chenye siku 8 mpaka 11. Siamini kwamba mmoja alimwiga mwenzake. Kumi ni muda ambao mvua huonyesha nia yake na mmea huonyesha umeipokea vipi, na waliolima kwa kutegemea mawingu waliugundua mapema. Hata kasoro zilifanana: satelaiti za NOAA ziliteleza taratibu kwenye njia zake, zikawa zinapita saa za baadaye zaidi mchana mwaka hadi mwaka, mwanga ukabadilika na namba za majani zikapotoka. Ikabidi zisahihishwe, kama ilivyobidi mwongo wa kupanda usahihishwe kwa Kilimia.

Njaa ya Ethiopia na Sudan ya 1984 ilizifanya namba hizo kuwa kazi ya kila siku. Mwaka 1985 Marekani ikaanzisha mtandao wa tahadhari ya njaa ulioitwa FEWS. Nairobi, mwaka 1989, kikaundwa kituo cha kufuatilia ukame ambacho leo ni ICPAC ya IGAD, jumuiya ya nchi za pembe ya Afrika. Mvua yenyewe ikaanza kukadiriwa kwa Meteosat ya Wazungu wa Ulaya, iliyokaa juu ya ikweta ikiitazama Afrika bila kuhama: kilele cha wingu kikiwa baridi sana, huhesabiwa saa ngapi kimekaa hivyo, na saa hizo hugeuzwa kuwa milimita. Kisha hufanyika hesabu ya maji ya mmea, iliyobuniwa FAO mwaka 1979. Msimu huhesabiwa umeanza pale siku kumi zinapopata angalau milimita 25 na siku ishirini zinazofuata zikapata jumla ya 20 au zaidi. Kuanzia hapo, kila siku kumi, mvua hulinganishwa na kiu ya zao, na udongo huchukuliwa kuwa akiba ya maji.

Sasa tuishushe hesabu hiyo Bwejuu. Nyuma ya minazi na nyumba inaanza nchi ya maweni: matumbawe ya kale yaliyoinuka kutoka baharini, makali chini ya kandambili, na vichaka juu yake. Shamba hapa halina matuta. Mkulima hufyeka kichaka, huchoma, kisha hutafuta udongo pale ulipo, ndani ya mashimo na nyufa za mawe, pengine viganja viwili vya udongo mwekundu au mweusi. Shimo hili hupokea mhogo, lile mbaazi, ufa ule mtama au uwele, na kunde hutambaa juu ya jiwe. Baina ya shimo na shimo pengine ni hatua tatu za mwamba mtupu. Baada ya misimu michache huachwa kichaka kirudi, naye huhamia kwingine. Kutoka angani shamba hilo ni mawe, majivu, machipukizi ya kichaka na mazao, vyote katika mwanga mmoja.

Data za zamani za NOAA ziligawiwa kwa madoa yenye upana wa kilomita 8 hivi. Unguja nzima, yenye kilomita za mraba zipatazo 1,600, iliingia katika madoa yasiyofika 30, na doa la Bwejuu lilichanganya bahari, mchanga mweupe, minazi, paa za nyumba na kichaka. Mtama unaweza kufa wote na namba isitikisike, maana kichaka cha maweni kina mizizi inayofuata maji ndani ya nyufa na hubaki kijani wiki nyingi baada ya zao kukauka. Hesabu ya maji nayo hukosea kwa njia mbili. Akiba ya udongo iliyoandikwa kwenye ramani ya dunia haipo hapa, mvua hupotea ndani ya jiwe kwa saa chache. Na mvua ya pwani mara nyingi hutoka kwenye mawingu mafupi yanayoletwa na upepo wa bahari, ambayo vilele vyake si baridi kiasi cha kuhesabiwa. Yaani satelaiti inaweza kuikosa mvua iliyonyesha, kisha ikayaweka akiba maji ambayo jiwe limekwisha kuyameza.

Naliandika hili kwa uchungu, kwa sababu wanaolima maweni ni watu ambao siku kumi kavu katikati ya masika huwagharimu kuliko mwenye shamba la mpunga katika bonde la Cheju.

Mbele ya kijiji, ndani ya miamba, kuna shamba jingine. Mwaka 1989 kilimo cha mwani cha biashara kilianza Paje na Jambiani, kikaenea pwani yote, Bwejuu nayo ikaingia. Wanawake ndio waliokibeba. Hufanya kazi bamvua, maji yanapotoka mbali, wakifunga vipande vya mwani kwenye kamba zilizofungwa kwenye vijiti, na huvuna baada ya wiki sita hivi. Kifaa kile kile cha NOAA kilichosoma majani ya bara ndicho kilichosoma joto la bahari hii. Mwaka 1998, baada ya El Niño kali, kilionyesha Bahari ya Hindi imechemka, na matumbawe ya Zanzibar yalipauka. Miaka iliyofuata aina ya mwani yenye bei nzuri, cottonii, ilianza kufa kila maji yalipopata joto, na wakulima wakabaki na spinosum ya bei ndogo. Dk. Flower Msuya, aliyefanya utafiti katika Taasisi ya Sayansi za Bahari ya Zanzibar, amefanya kazi ya miaka mingi na wakulima hao, ikiwemo kuhamishia kamba kwenye maji yenye kina. Hapa pia doa la satelaiti lilisoma maji ya nje ya mwamba, wakati mwani huchemka ndani, kwenye maji ya magotini, chini ya jua la mchana.

El Niño hiyo ilileta pia mkutano wa kwanza wa utabiri wa misimu kwa pembe ya Afrika, Februari 1998, ambao mpaka leo huwakutanisha wataalamu wa nchi zetu kabla ya kila msimu. Utabiri ukaboreka. Hilo halikutosha. Tangu Agosti 2010 FEWS ilitahadharisha juu ya ukame Somalia. Njaa ikatangazwa Julai 20, 2011. Watu wapatao 260,000 wakafa, nusu yao watoto wa chini ya miaka mitano. Namba zilifika kwa wakati na chakula hakikufika.

Mwaka huo wa 2011 mawaziri wa kilimo wa nchi za G20 wakaunda GEOGLAM, mpango wa kufuatilia kilimo cha dunia kwa satelaiti, na baadaye Chuo Kikuu cha Maryland kikaanza kuratibu ramani za kila mwezi za hali ya mazao, zikikubaliwa kwanza na wataalamu wa nchi husika. Hapo ndipo Catherine Nakalembe, Mganda aliyesoma Makerere, alipoifanyia Afrika Mashariki kazi ninayoiona kubwa kuliko picha zote. Alizileta ofisi za Uganda, Tanzania na Kenya kwenye namba hizo, watu wa wizara wajifunze kuzisoma na kuzipinga kwa taarifa za maafisa ugani. Uganda ikafunga namba na fedha: kijani cha Karamoja kiliposhuka chini ya kiwango kilichokubaliwa, kazi za malipo zilifunguliwa kabla kaya hazijauza mbuzi wa mwisho. Mwaka 2020 alipata Tuzo ya Chakula ya Afrika, pamoja na André Bationo.

Macho ya angani nayo yakanoleka. Sentinel-2 ya Ulaya, iliyorushwa Juni 2015, huona doa la mita 10, na yeyote anaweza kuichukua picha bure. Data za mvua za CHIRPS, zilizochanganya satelaiti na vipimamvua tangu 1981, hutolewa kwa madoa ya kilomita 5 hivi. Mamlaka ya Hali ya Hewa Tanzania, pamoja na watafiti wa Chuo Kikuu cha Columbia wakiongozwa na Mwethiopia Tufa Dinku, ikachanganya vipimamvua vyake na satelaiti kwa mtindo huo. Na Zanzibar, mwaka 2016, Kamisheni ya Ardhi na Chuo Kikuu cha Taifa, SUZA, walianza kuichora Unguja na Pemba kwa droni, vijana wa hapa wakizirusha wenyewe, picha zikionyesha mpaka mnazi mmoja mmoja. Kwa picha hizo shimo la mhogo la Bwejuu linaonekana kwa mara ya kwanza. Lakini droni hupita mara moja, na msimu una miongo yake.

Yaliyofuata yalionyesha kisiwa hiki kinahitaji macho ya namna mbili. Julai 2023 India ilizuia kuuza nje mchele mweupe usio basmati, kwa hofu ya mvua zake na bei zake, na bei ya dunia ikapanda kufikia kiwango kisichoonekana kwa takriban miaka 15. Sufuria ya Bwejuu hutegemea mpunga wa Asia zaidi ya mtama wa maweni, kwa hiyo ramani ya mpunga wa India ni taarifa ya chakula ya Zanzibar, na inafaa isomwe hapa kila mwezi kwa sauti. Vuli ya mwaka huo ikaja na El Niño, na Mamlaka ilikuwa imekwisha kuitangaza tangu Agosti. Mei 2024 kimbunga Hidaya kikaelekea pwani yetu. Safari hii kilifuatiliwa kwa satelaiti siku kadhaa, boti za Dar es Salaam na Unguja zikasimamishwa, wavuvi wakaambiwa wasitoke.

Na bado, utabiri wa msimu unapotangazwa, Bwejuu hupatikana ndani ya sentensi moja na Tanga, Dar es Salaam, Pwani pamoja na Mafia, kaskazini mwa Morogoro, na Pemba. Mamlaka hutoa pia taarifa ya kilimo kila siku kumi. Kipimamvua kimoja katika skuli ya kila kijiji kuanzia Makunduchi mpaka Michamvi, mwanafunzi akikisoma saa tatu na sheha akituma namba kwa simu pamoja na neno moja la hali ya mtama na kunde, kingetosha kuipa pwani ya mashariki mstari wake ndani ya taarifa hiyo. Gharama yake ni ndogo kuliko ya kurusha droni siku chache, na nchi ya maweni imeisubiri tangu daftari la kwanza lilipofunguliwa mjini.